Miguu Haisomi Kitambulisho

Kuna kazi duniani ambayo ukifika miaka 28 unaitwa mzee mbele ya watu, na hakuna anayeona haya. Si uanamitindo, si muziki. Ni nafasi moja kwenye mpira wa Kimarekani inayoitwa raningibeki.

Kama hujawahi kutazama mchezo ule, wacha nikueleze haraka. Mpira una umbo la yai. Raningibeki anapewa mkononi halafu anaambiwa kimbia. Mbele yake kuna majamaa wa kilo 120, wengine 140, na kazi yao ni kumlaza chini. Analazwa, anaamka, anapewa tena. Mechi moja inaweza kuwa mara ishirini. Msimu mmoja mzito unapita mara mia tatu.

Mwaka wa 2014, DeMarco Murray wa Dallas Cowboys alibeba mpira mara 392 na kukimbia yadi 1,845. Hakuna aliyemfikia msimu ule. Alikuwa na miaka 26. Mwaka uliofuata alihamia Philadelphia na kukimbia yadi 702 tu. Msee yule yule, miguu ile ile, mwaka mmoja tu umepita. Baadaye alipata msimu mmoja mzuri tena akiwa Tennessee, na akiwa na miaka 30 akatundika viatu.

Sikiza sasa vile biashara inaendeshwa. Kijana akichaguliwa kutoka chuoni, mkataba wake wa kwanza ni wa miaka minne na pesa zake zimepangwa kabla hata hajafika. Hiyo miaka minne ndiyo timu inamtumia kama punda wa kuchota maji. Mkataba ukiisha, akiomba pesa kubwa, anaambiwa, "Boss, wewe umeshachoka." Aliyemchosha ni nani? Ni wao. Ndiyo maana katikati ya 2023 maraningibeki wakubwa wa ligi ile waliitana kwenye kikao cha mtandaoni kulia juu ya malipo yao.

Wengine walisoma alama za nyakati wakaondoka wenyewe. Jim Brown aliacha 1966 akiwa na miaka 30, bado yuko juu, akaenda kuigiza filamu. Barry Sanders aliacha 1999, siku chache baada ya kufikisha 31, akiwa karibu kabisa kuvunja rekodi ya ligi. Na kuna mwenzetu Mwafrika, Christian Okoye wa Nigeria. Alikuwa mrusha kisahani, akaingia ligi ile 1987 akiwa na miaka 26, umri ambao wengine wanaanza kuteremka. Mwaka wa 1989 aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,480. Baada ya msimu wa 1992 alikuwa amemaliza. Magoti yalikataa.

Najua unauliza: sisi watu wa Ahero, na mchele wetu na mafuriko yetu ya Nyando, raningibeki anatuhusu nini?

Anatuhusu sana. Kila kijiji cha Kano kina raningibeki wake. Sisi tunamuita winga.

Saa mbili ndani ya mwili mmoja

Kwanza tuelewane kuhusu mwili, kwa sababu watu wengi wanadhani kuzeeka ni kitu kimoja. Si kimoja.

Misuli yako ina nyuzi za aina mbili kubwa. Kuna nyuzi za kasi, zile zinazolipuka ukitoka mbio ghafla, na kuna nyuzi za polepole, zile zinazovumilia safari ndefu. Umri unapopanda, nyuzi za kasi ndizo zinazopungua na kunywea zaidi. Za polepole zinavumilia. Kwa hivyo mtu anayeishi kwa mlipuko wa hatua tano za kwanza anaanza kuzeeka kazini mapema kuliko mtu anayeishi kwa pumzi.

Huhitaji kwenda Marekani kuona hii. Angalia Wakenya wawili tu. Ferdinand Omanyala, ambaye alikuwa anacheza raga kabla ya kuingia riadha, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani Septemba 2021. Alikuwa na miaka 25. Eliud Kipchoge alivunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin Septemba 2022, saa 2:01:09, akiwa na miaka 37. Hata Usain Bolt, binadamu mwenye kasi kuliko wote, rekodi yake ya 9.58 aliiweka 2009 kabla hajafikisha 23. Akiwa karibu 31, mbio zake za mwisho London 2017 ziliishia kwenye lami, msuli wa nyuma ya paja umekataa.

Lakini umri peke yake hautoshi kueleza. Kuna saa ya pili, na hii ndiyo watu hawaioni. Ni idadi ya mbio na idadi ya makonde. Msuli wa paja ukichanika mara moja, nafasi ya kuchanika tena inapanda. Goti likishapasuliwa, hata likipona, mwenyewe anaanza kukanyaga kwa kuwaza. Na kuwaza ndiko kunakomaliza winga. Beki akishaona umewaza, amekumaliza.

Ndiyo maana nasema miguu haisomi kitambulisho. Inasoma kazi iliyofanya. Msee wa miaka 24 aliyechezeshwa kila Jumamosi na Jumapili tangu akiwa na 14, kwenye uwanja mgumu kama lami, bila hata wa kumfunga kifundo, anaweza kuwa na miguu ya mtu wa 32. Na hakuna karatasi itaonyesha hivyo.

Maraningibeki wetu

Tuanze na raga, kwa sababu ndiyo iko karibu zaidi na mchezo ule wa Wamarekani. Unabeba mpira mkononi, unakimbia, unaangushwa.

Collins Injera alizaliwa Oktoba 1986. Alianza kuchezea timu ya taifa ya wachezaji saba 2006. Msimu wa 2008/09 alifunga trai 42, hakuna mchezaji duniani aliyemfikia. Aprili 2016 alikuwa ndani Kenya ilipoichapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore, taji letu la kwanza kabisa kwenye msururu wa dunia. Mwezi uliofuata, London, akapita trai 230 za Santiago Gómez Cora wa Argentina na kuwa mfungaji bora wa muda wote wa msururu ule. Mwaka mmoja baadaye Dan Norton wa Uingereza akampita, lakini hiyo haiondoi kitu.

Fanya hesabu. Aliweka rekodi akiwa na miaka 29, baada ya miaka kumi ya kukimbia na kugongwa. Kwa hesabu za Wamarekani alifaa kuwa ameshatupwa. Kwa nini hakutupwa? Kwa maoni yangu, Injera hakuwahi kuwa mtu wa kasi pekee. Ukitazama zile video za zamani na zile za 2016, utaona tofauti. Kijana anapita nje, anamzunguka beki kwa kasi tupu. Yule wa 2016 anasimama kidogo, anamsubiri beki ajitoe, halafu anaingia ndani. Alikuwa anatumia hatua chache kupata kitu kile kile. Kwenye klabu yake ya Mwamba na timu ya taifa pia alikuwa na kaka yake mkubwa, Humphrey Kayange, na huyo nitamrudia.

Halafu njoo kwenye soka. Hapa kuna jina ambalo kila mtu wa kanda ya ziwa analitaja kwa sauti ya chini, kama mtu wa familia: Dennis Oliech.

Alizaliwa Februari 1985. Julai 2003, akiwa na miaka 18, alifunga bao moja pekee dhidi ya Cape Verde pale Kasarani, na Kenya ikaenda Kombe la Afrika kule Tunisia baada ya kukosa kwa zaidi ya miaka kumi. Tunisia, ndiyo anafikisha 19, alifunga tena tulipoipiga Burkina Faso 3-0, ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye kombe lile. Kutoka hapo Qatar, kisha Ufaransa: Nantes, Auxerre, baadaye Ajaccio. Msimu wa 2010/11 Auxerre walikuwa kundi moja na Real Madrid, Milan na Ajax kwenye Ligi ya Mabingwa.

Sasa hesabu na hapa. Oliech alianza kubeba taifa mgongoni akiwa na 18. Kila likizo ya Ulaya, wakati wenzake wako ufukweni, yeye alikuwa kwenye ndege ya kuja kucheza Nairobi au kwenda kwenye uwanja wa nyasi kavu mahali fulani Afrika. Mwili wa straika unaotegemea kukimbia nyuma ya mabeki ukianza kazi ya watu wazima ukiwa na 18, ukifika 28 umeshafanya miaka kumi. Baada ya Dubai hakucheza kwa muda mrefu. Januari 2019, akikaribia miaka 34, Gor Mahia wakamsajili.

Mnakumbuka zile siku? Kogalo walishangilia kama vile yule kijana wa 2003 ndiye amerudi. Lakini aliyerudi alikuwa mtu mzima wa karibu 34 ambaye hakuwa ameshindana kwa miaka. Akaumia mkono, akakaa nje, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameondoka. Na watu walewale walioimba jina lake walikuwa wa kwanza kutengeneza vichekesho.

Mimi hiyo ndiyo inaniuma. Si kwamba alizeeka. Kila mtu anazeeka. Inaniuma kwamba tulimcheka mtu kwa kuwa amemaliza kitu ambacho alikimalizia kwetu.

Zamani kulikuwa na kiti

Hapa ndipo historia inaingia, na hii sehemu vijana wa umri wangu hatuambiwi.

Ukiangalia ligi ya Kenya ya miaka ya sabini, themanini na tisini, utakuta majina ya ajabu. Kenya Breweries. Posta. Bata Bullets wa Limuru. Rivatex wa Eldoret. Mumias Sugar. Na hapa kwetu, ukivuka tu upande wa miwa, Chemelil Sugar. Ukiondoa Gor na AFC Leopards, ambazo ni timu za jamii, sehemu kubwa ya ligi ilikuwa timu za kampuni na mashirika.

Wengi tunadhani kampuni zilikuwa zinajitangaza tu. Kumbe kulikuwa na kitu kingine ndani. Mchezaji wa timu ya kampuni mara nyingi alikuwa mfanyakazi wa kampuni. Jina lake liko kwenye orodha ya mishahara. Asubuhi yuko stoo, ofisini au kwenye karakana, jioni yuko mazoezini. Anakatwa pesa za uzeeni kama mfanyakazi mwingine yeyote. Na siku goti linakataa, au kijana wa miaka 19 anakuja kuchukua namba yake, haendi nyumbani. Anarudi stoo. Anazeeka akiwa kazini, anasomesha watoto, na jioni anasimama kando ya uwanja kuwafunza wadogo.

Hakikuwa kitu cha ndoto. Mishahara haikuwa mikubwa, na si kila mtu aliajiriwa. Lakini kilikuwepo kiti. Miguu ikichoka, unakaa.

Hata wakati huo, waliokosa kiti waliona moto. Joe Kadenge ndiye mshambuliaji maarufu zaidi wa kizazi cha uhuru, mtu ambaye jina lake liligeuka kuwa msemo wa redioni, "Kadenge na mpira". Baada ya mpira aliendesha teksi Nairobi. Alifariki Julai 2019 akiwa na miaka 84, baada ya kuugua kwa muda, na katika uzee wake ilibidi watu wapaze sauti ndipo wakubwa wakumbuke mlango wake. Taifa lilijua kuimba jina lake lakini halikuwa na daftari lolote la kumtunza.

Halafu kiti kikavunjika kwa kila mtu.

Ukitaka kuona kilivyovunjika, usiende mbali. Miwani, kiwanda cha kwanza cha sukari Kenya, kilichoanza miaka ya 1920, kiliwekwa chini ya mrasimu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Muhoroni vivyo hivyo. Mumias, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, Septemba 2019. Kampuni inayodaiwa na wakulima haiwezi kununua viatu vya mpira. Mashirika mengine yaliuzwa au yakapunguza watu, na kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti kilikuwa michezo. Timu zikabaki na jina la kampuni bila kampuni nyuma yake. SoNy Sugar, waliowahi kuwa mabingwa wa nchi 2006, walitupwa nje ya ligi kuu msimu wa 2019/20 baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Chemelil wakashuka daraja msimu huo huo.

Pesa za kampuni zilipoondoka, zikaja pesa za kamari. Zilikuwa nyingi, zilikuwa na kelele, na Agosti 2019 SportPesa walipotoa udhamini wao, ziliondoka kwa siku moja. Wachezaji wakakaa miezi bila mshahara. Angalia tofauti. Kampuni ya sukari ilikuwa inamlipa mtu. Kampuni ya kamari ilikuwa inalipia jezi. Jezi haizeeki, haina goti, haina watoto.

Kwa hivyo winga wa leo wa Nyando anazeeka kwa kasi ileile aliyozeeka winga wa 1985. Mwili haujabadilika. Kilichobadilika ni mahali anapoangukia. Yule alikuwa anaangukia kwenye kiti. Huyu anaangukia chini, kwenye pikipiki ya mkopo pale steji.

Na msidhani Wamarekani ni malaika kwa kuwa niliwataja. Wanamtumia raningibeki vibaya, sawa. Lakini mchezaji wa NFL akikamilisha misimu mitatu anaanza kustahili pensheni ya ligi. Mitatu tu. Hapa kwetu mtu anacheza misimu kumi na miwili na kumbukumbu pekee aliyobaki nayo ni picha ya timu iliyofifia ukutani.

Umri wa mpira

Tuseme ukweli juu ya kitu kingine. Wote tunajua msee mwenye umri wa aina mbili: umri wa kitambulisho na umri wa mpira. Anakatwa miaka mitatu au minne ili acheze mashindano ya shule, ama ili ajenti amuuze nje kama kijana.

Siwezi kusimama hapa kama mhubiri. Najua kwa nini inafanyika. Ukitoka familia ambayo mafuriko yamebeba mpunga mara mbili, na mtu akakwambia kwamba herufi moja kwenye karatasi inaweza kukupeleka Ulaya, utasikiliza. Tatizo ni kwamba unadanganya kila mtu isipokuwa miguu. FIFA walipoanza kupima vifundo vya mikono kwa mashine za MRI kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka wa 2009, walijua mifupa haina cha kuficha.

Na hata usipokamatwa, unajikata mwenyewe. Klabu inakusaini ukiwa na "20" ikitarajia kilele chako kifike baada ya miaka mitano. Kumbe una 24. Ukifika "24" unaanza kushuka na hakuna anayeelewa. Wanasema huna nidhamu. Wanasema unapenda raha. Kocha anakuongezea mazoezi, mwili unaohitaji kupumzika unapewa kazi zaidi, na msuli unachanika. Halafu hauwezi hata kujitetea, kwa sababu ukweli unaoweza kukutetea ndio ule ule ulioficha.

Waliohama kabla ya kufukuzwa

Sasa usione kama nasema ukifika 28 ni kifo. Derrick Henry, raningibeki wa Baltimore, alikimbia yadi 1,921 msimu wa 2024 akiwa na miaka 30. Andrew Amonde alibeba bendera ya Kenya pamoja na Mercy Moim kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo akiwa na 37, bado mchezaji wa raga. Inawezekana. Lakini ukichunguza waliodumu, karibu wote walifanya jambo moja: walibadilisha kazi kabla miguu haijawafukuza.

Mfano mkubwa ni Kipchoge mwenyewe. Wengi wanamjua wa marathoni tu. Mwaka wa 2003 kule Paris alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000, mtoto wa miaka 18, akiwashinda El Guerrouj na Bekele. Ile mbio inahitaji kasi ya mwisho ya kuua. Mwaka wa 2012 alikosa nafasi ya kwenda Olimpiki ya London. Angeweza kung'ang'ania uwanjani, akilia kwamba anadharauliwa. Badala yake akaenda barabarani, Aprili 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza Hamburg. Alihama kutoka saa moja ya mwili kwenda nyingine. Yote tunayomsifia leo yalikuja baada ya kukubali kwamba kazi ya kwanza imeisha.

Kwenye soka, mwangalie Meddie Kagere. Alipotoka Gor Mahia kwenda Simba 2018, alikuwa anakaribia 32. Watani wa jadi kule Dar walimwita babu. Babu akafunga mabao 23 kwenye ligi msimu wa kwanza na kuwa mfungaji bora, halafu msimu uliofuata akawa mfungaji bora tena. Kagere hakuwa anashindana mbio na mabeki wa miaka 22. Alikuwa anakaa pale mpira utakapoangukia. Hatua mbili tu, goli.

Michael Olunga naye ni wa kusomwa kama kitabu. Alicheza Gor 2015 huku akisomea uhandisi pale Technical University of Kenya. Akaenda Sweden, China, Hispania, Japani. Mwaka wa 2020 alifunga mabao 28 kwenye ligi kuu ya Japani na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Na shahada yake aliimaliza. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina aibu na hilo, na siandiki hapa kukusukuma darasani. Nasema tu kwamba Olunga alikuwa anajitengenezea kile kiti ambacho kampuni ya sukari haitampa tena mtu.

Na Kayange, kaka yake Injera, niliyesema nitamrudia. Alisomea kemia chuo kikuu, akawa nahodha wa Kenya, akacheza Olimpiki ya Rio 2016 akiwa na 34, na 2021 akachaguliwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Miguu ilipomaliza zamu yake, kichwa kilikuwa kimeshaingia kazini kitambo.

Sasa wewe, omera

Agosti 2025 tuliona Ryan Ogam, kijana wa 2004, akifunga bao lililoizima Morocco pale Kasarani kwenye CHAN. Muda si mrefu akaenda Austria. Najua pale Ahero kuna wasee wa fomu tatu waliotazama ile mechi na kuamua kimoyomoyo kwamba shule basi. Nawaelewa kabisa. Sitawaambia waache mpira.

Nitawaambia tu hesabu. Kama wewe ni winga au straika wa mbio, una takriban miaka minane ya miguu bora, kuanzia 19 hadi 27 hivi. Ukibahatika, kumi. Baada ya hapo, Mungu akikujalia, utaishi miaka mingine arobaini. Ile minane lazima inunue kitu cha ile arobaini.

Kwa hivyo usicheze mechi tatu kwa wikendi moja kwa sababu kuna mbuzi wa kushindaniwa. Wale wanaokupigia simu Desemba hawatakupigia ukiwa na goti la kufungwa bandeji. Msuli ukilia, pumzika. Jifunze kucheza nafasi ya pili ukiwa bado na kasi, si baada ya kuipoteza. Tumia umri wako wa kweli. Ukisaini mkataba, hata wa klabu ndogo, uliza juu ya NSSF na juu ya nani analipa hospitali, na kama hujui pa kuuliza, kuna chama cha wachezaji, Kenya Footballers Welfare Association. Ukifika 25, fanya kozi ya kwanza ya ukocha ya CAF, ile ya daraja la D. Ni siku chache tu, na karatasi yake haina msuli wa kuchanika.

Na sisi mashabiki pia tuna deni. Kaunti zina pesa za viwanja. Juni 2021 tulifunguliwa uwanja mkubwa pale Mamboleo, mzuri, nasi tukapiga picha. Lakini uwanja hauna maana kama hakuna kazi hata moja ya kudumu kwa mtu aliyeutumikia mpira: wa kutunza nyasi, wa kufunza watoto, wa kukanda misuli. Nafasi kumi za kazi kwa wachezaji waliostaafu hazifiki hata bei ya paa la jukwaa. Wale waheshimiwa wanaokuja kugawa mipira wakati wa kampeni, tuwaulize hilo kabla hatujapokea mpira.

Jumapili hii kukiwa na mechi, mtafute yule jaduong' anayesimama kando ya laini, yule anayechechemea na kupiga kelele kuliko kocha. Kila uwanja una mmoja. Muulize alicheza namba gani, na alicheza hadi umri gani. Halafu muulize baada ya hapo alikula nini.